Zimeni taa za barazani, vimulimuli wanaitana

Mhariri,

Aliyezoea jua la ikweta hushangazwa na majira ya joto ya majimbo ya kati-magharibi ya Marekani. Mwishoni mwa Juni jua huzama Chicago karibu saa mbili na nusu usiku, na Minneapolis saa tatu huwa imeshapita. Hata likishazama, giza haliingii ghafla. Jua la huko huteremka kwa mshazari, hivyo mwanga wa jioni hukaa zaidi ya nusu saa. Waswahili wengi waishio huko wana zamu za alfajiri, na saa hiyo ndipo wanapofunga mapazia na kuwasha taa ya barazani. Gazeti lako limeandika mengi kuhusu theluji. Tunaomba nafasi kwa ajili ya nusu saa hiyo ya jioni.

Kimulimuli anayeonekana zaidi kwenye nyua na bustani za mijini kule anaitwa kitaalamu Photinus pyralis. Ni jamii ya mbawakawa, wala si nzi. Dume huanza kuwaka jua linapozama, akiruka usawa wa goti au kiuno. Mwako wake ni wa manjano, wa nusu sekunde hivi, na hushuka kidogo kisha kupanda huku anawaka, kwa hiyo mwanga huchora herufi J hewani. Halafu huzima. Hesabu hadi sita, utamwona anawaka tena mita chache mbele.

Watu humfuata huyo anayeruka, kumbe nusu ya mazungumzo iko chini. Jike ametulia kwenye jani la nyasi, anatazama. Akimridhia dume, hungoja kama sekunde mbili baada ya mwako wake, kisha hujibu kwa mwako mmoja. Dume hugeuka, huwaka, hujibiwa tena, hivyo hivyo hadi wakutane. Anayetaka kumwona jike ayaachie macho yake yabaki kwenye nyasi na ahesabu kimoyomoyo: moja, mbili.

Hata mtoto anaweza kujibu. Chukua kurunzi ndogo, ifunike kwa kidole ili itoe nuru hafifu, iweke chini kabisa kwenye nyasi. Dume akishawaka, hesabu mbili, washa nusu sekunde, zima. Ukipatia, atakuja mpaka mkononi. Wengi hukosea kwa kuwahi, au kwa kuinua kurunzi juu mahali ambapo jike hakai. Taa ya simu nayo ni kali mno. Jioni ikiwa ya baridi, dume huchelewa kati ya mwako na mwako na jike huchelewa kujibu, basi nawe ongeza subira.

Usidhani kila jibu ni la mapenzi. Kuna vimulimuli wengine wakubwa, wenye miguu mirefu, wa jamii ya Photuris, ambao mwanga wao unaelekea kijani na huonekana giza likishakolea, mara nyingi juu kwenye miti. Jike wa jamii hii huiga jibu la jike wa Photinus, na dume akitua humla. Hapati chakula tu. Hupata pia sumu iliyo mwilini mwa yule dume, nayo humkinga yeye dhidi ya ndege na buibui. Sumu hiyo si ya mchezo: mijusi wa kufugwa wamekufa kwa kulishwa kimulimuli mmoja, kwa hiyo watoto wanawe mikono wakishawashika. Wakiwaweka kwenye chupa, watie ndani karatasi laini yenye unyevu, maana wadudu hawa hufa kwa kukauka, na wawaachie usiku huohuo. Mikono iliyopakwa dawa ya mbu isiwaguse kabisa.

Jambo linalotuuma ni taa. Ua ukiwa na taa nyeupe inayowaka usiku kucha, dume huwaka na jike haoni, au jike hujibu na dume haoni. Hakuna kuonana, hakuna mayai. Taa ya barazani ikizimwa kuanzia magharibi kwa saa moja na nusu tu, mwezi wa Juni na Julai, inatosha kwa Photinus. Asiyeweza kuizima kwa ajili ya usalama aweke ya kuhisi mtu akipita. Macho ya binadamu nayo yanahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na simu ukiifungua mara moja unaanza upya.

Kuna pia majani makavu. Mabuu wa kimulimuli huishi ardhini mwaka mmoja au miwili, wakila konokono na nyungunyungu. Anayefagia kila jani wakati wa vuli na kumwaga dawa ya kuua funza wa nyasi amewaua vimulimuli wa mwakani kabla hawajaota mabawa. Acha kona moja ya ua ibaki na majani yake na nyasi ndefu. Ukiingia kwenye nyasi hizo, chomeka suruali ndani ya soksi na ujikague ukirudi. Kupe wachanga wa huko ni wadogo kuliko punje ya ufuta.

Jioni nzuri kuliko zote ni zile za fukuto. Sehemu ya fukuto hilo hutoka mashambani: ekari moja ya mahindi yaliyostawi hutoa hewani lita 11,000 hadi 15,000 za maji kwa siku, na Iowa na Illinois ni mahindi hadi upeo wa macho. Mara nyingine upeoni humulika radi isiyo na sauti. Ni mvua ya mbali, kwani ngurumo ni nadra kusikika kupita kilomita 15. Ngurumo ikianza kusikika, kila sekunde tatu baada ya mwanga ni kilomita moja, lakini usikae nje kuhesabu. Ingia ndani na ungoje dakika 30 baada ya ile ya mwisho.

Vimulimuli wakianza kupungua, mwishoni mwa Julai, vichakani huanza nyenje mdogo wa kijani hafifu, anayelia kwa mapigo yaliyolingana kama saa ya ukutani. Mwaka 1897 mwanafizikia wa Marekani, Amos Dolbear, aliandika kwamba mlio wa nyenje hufuata joto la hewa. Hesabu milio ya sekunde 8, jumlisha 5, utapata nyuzi joto za Selsiasi. Milio 17 ni nyuzi 22. Chagua nyenje aliye kichakani. Wale wa chini ukutani hulia kwa kukatakata na watakupotosha.

Tunakuomba, Mhariri, uichapishe barua hii mapema Juni. Kufikia Agosti, nyua nyingi huwa zimebaki na nyenje tu.

Wasomaji wako,
Iowa, Marekani