Mizizi haiwezi kusukuma maji mita 81

Mhariri, naomba nafasi niseme jambo kuhusu makala yenu ya ule mti mrefu kuliko yote Afrika, mkukusu ulioko kwenye bonde moja huko Kilimanjaro, ambao mtafiti Andreas Hemp na wenzake waliupima wakakuta una mita 81.5 na matokeo yakatoka 2016. Nimefurahi sana mmeiandika ila pale mliposema mizizi ndo inasukuma maji mpaka kileleni hapana jamani, na nalisemea hili kwa sababu wanafunzi wangu nao wanaandika hivyohivyo kwenye mitihani.

Msukumo wa mizizi upo, asubuhi unauona kwenye matone yanayokaa kwenye ncha za majani, lakini ni mdogo mno kwa mti wa namna ile. Kunyonya nako kunagoma, muulize fundi wa visima, pampu ikikaa juu ya kisima haivuti maji kutoka zaidi ya mita 10 hata iwe na nguvu vipi, tena huko mlimani hata hizo 10 hazifiki maana kinachoyapandisha maji hapo ni presha ya hewa, na huko ni ndogo. Sasa 81 zinapatikanaje?

Jibu liko kwenye maji yenyewe. Molekuli ya maji ina oksijeni moja na haidrojeni mbili, oksijeni inavuta elektroni upande wake kwa hiyo yenyewe inakuwa na chaji hasi kidogo na haidrojeni chanya kidogo, basi haidrojeni ya molekuli hii inashikwa na oksijeni ya jirani yake, ndo bondi ya haidrojeni hiyo, yaani kule kushikana. Moja moja ni dhaifu, ni kama sehemu 1 kwa 20 ya ile bondi inayoshika molekuli yenyewe, na zinaachia na kushika upya mabilioni ya mara kwa sekunde, lakini kila molekuli inaweza kushikana na wenzake mpaka wanne kwa wakati mmoja, kwa hiyo maji yaliyojaa kwenye zailemu, ile mirija myembamba inayopitisha maji ndani ya mti, yanavutika kama uzi. Jua likikausha maji kwenye majani, yanayotoka yanavuta ya nyuma yake, hayo nayo yanavuta yanayofuata, mpaka chini kwenye udongo. Kazi kubwa pale inafanywa na jua! Wanasayansi Henry Dixon na John Joly wa Dublin, Ireland, walishalieleza hili tangu 1894, na bado tunawakaririsha watoto orodha ya sifa za maji bila kuwaambia zinatoka wapi.

Na siyo habari ya darasani tu. Kupandisha maji mita 81 kunataka mvuto wa kama mara 8 ya presha ya hewa ya usawa wa bahari, hapo msuguano hujauhesabu. Ukame ukija udongo unabana maji, mvuto unazidi, hewa inapenya, na povu likishaingia uzi umekatika na mrija ule haupitishi tena. Mti wa miaka mamia unaweza kufa hivyo, kwa hiyo vijito na unyevu wa lile bonde vilindwe kwa nguvu zote.

Naomba mrekebishe sentensi ile moja, na nafasi ikiwepo mweke mchoro, mshale wa mvuto uanzie kwenye jani, maana kurasa zenu huwa tunazikata tunabandika ukutani darasani.

Mwalimu wa bayolojia, Moshi