Picha ya kijani na nyeusi isiwe kishawishi cha kuuzia unga

Mhariri,

Wiki jana jirani yangu hapa Majengo alinijia na kopo la unga wa mzunze, wengine huuita mlonge, aliouziwa Marikiti kwa shilingi 800. Ndani mlikuwa na karatasi. "Dada, wewe ulikaa maabara, hebu nisomee."

Karatasi ina picha mbili za seli. "Kabla": kijani kinang'aa. "Baada": giza tupu. Eti kijani ndiyo oksijeni kali inayotuzeesha, na unga umeifuta.

Na mzunze sina ugomvi. Majani yake nayapika kwa tui. Ugomvi wangu ni hizo picha.

Kijani hicho hutokana na rangi ya maabara inayotiwa kwenye seli, DCFH-DA, nami nimeishika kwa mikono yangu. Huingia kwenye seli haina mng'ao, vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kazi za seli, vikaikata mkia ikanaswa humo ndani, na ikishaoksidishwa hung'aa kijani ukiimulika kwa mwanga wa buluu. Wengi hudai inapima haidrojeni peroksaidi, ile dawa ya kuoshea vidonda inayotoa povu. Lakini peroksaidi peke yake haiiwezi rangi hii. Lazima pawe na chuma au kimeng'enya cha kusaidia. Kwa hivyo kijani kikizidi, huenda kilichozidi ni chuma tu.

Hata jua huiwasha. Siku moja niliacha trei ya seli zenye rangi hiyo karibu na dirisha nikaenda kuswali adhuhuri. Niliporudi, hata vishimo visivyokuwa na seli, vyenye rangi, maji ya kukuzia seli na seramu (majimaji ya damu) tu, vilikuwa vya kijani. Kazi ya asubuhi nzima ikaenda kwenye sinki. Toka hapo trei zangu nilizifunika kwa foili ya jikoni.

Sasa hilo giza wanalojivunia. Seli ikifa na utando wake ukatoboka, rangi huvuja nje, nayo picha ikawa nyeusi. Asidi ya betri ingewapa "Baada" nzuri kuliko hiyo! Tena maji ya majani yenye rangi nzito huweza kuumeza mwanga wenyewe kabla haujafika kwenye hadubini. Je, walihesabu seli zilizobaki hai? Walipima unga bila seli? Walijaribu njia ya pili ya kupima? Karatasi iko kimya, ila namba ya simu ya kuagiza imeandikwa kwa wino mwekundu.

Na nani kasema oksijeni hiyo ifutwe yote? Chembe nyeupe za damu huitengeneza makusudi ili ziue vijidudu.

Ombi langu, Mhariri: ukiletewa tangazo lenye picha kama hizi, mwulize mwenyewe seli za upande mweusi zilikuwa hai au zimekufa, kisha ndipo upokee pesa zake.

Jirani ameniachia karatasi. Kopo ameondoka nalo. Asema anautia kwenye uji wa wajukuu.

Mtaalamu wa maabara mstaafu,
Majengo, Mombasa