Daftari la msomaji lisiwe hesabu ya vitabu tu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nitoe maoni yangu juu ya desturi inayozidi kuenea miongoni mwa wapenzi wa vitabu, ya kuweka kumbukumbu za vitabu wanavyovisoma na kuwashirikisha wenzao maoni yao. Mimi ni mmoja wa wanaoweka daftari la aina hiyo, na desturi yenyewe ninaitetea. Kinachonisukuma kuandika ni namna inavyogeuzwa kuwa hesabu tupu. Mwaka unapoanza, msomaji hujiwekea idadi ya vitabu anavyotaka kuvimaliza; kila anapofunga kimoja huingiza jina lake kwenye programu ya simu na kukipa nyota tatu au nne; mwaka unapokwisha hutangaza jumla yake na kupongezwa. Ukimuuliza kitabu cha saba katika orodha hiyo kilimfanya afikiri nini, atakujibu kwamba kilikuwa kizuri.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na sidhani kwamba walikuwa wakiwasema wafanyabiashara peke yao. Mali ya msomaji si jina la kitabu, kwa kuwa jina limechapishwa juu ya jalada na linapatikana wakati wowote. Mali yake ni hukumu aliyoifikia baada ya kukaa saa nyingi na mwandishi, pamoja na sababu zilizomfikisha hapo, na hizo ndizo zinazofifia upesi. Orodha ya majina na nyota ni sawa na leja iliyoandika majina ya wadaiwa bila kuandika kiasi wanachodaiwa.

Aliyelieleza jambo hili vizuri kuliko wengine niliowasoma ni Michel de Montaigne, Mfaransa ambaye insha zake zilianza kuchapishwa mwaka 1580. Alikiri kwamba kumbukumbu yake ilikuwa mbovu kiasi cha kushika tena kitabu akidhani ni kipya, kumbe alikuwa amekisoma kwa makini miaka michache iliyotangulia na kukijaza maandishi yake mwenyewe. Akajizoeza kuandika mwishoni mwa kitabu tarehe aliyokimaliza na maoni ya jumla aliyoyapata, ili baadaye akumbuke angalau sura ya mwandishi kama alivyoiona wakati akimsoma. Katika insha yake kuhusu vitabu alinakili maandishi matatu ya namna hiyo. Moja lilimhusu mwanahistoria wa Italia, Francesco Guicciardini: Montaigne alimsifu kwa uaminifu wake katika kusimulia matukio, kisha akamlaumu kwamba katika watu na matendo mengi aliyoyapima, hakuna hata tendo moja alilolihusisha na wema, dini au dhamiri. Sifa ipo, lawama ipo, na lawama hiyo imeelezwa kwa namna ambayo msomaji mwingine anaweza kukifungua kitabu na kuangalia kama ni ya haki.

Tarehe ina kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa. Hukumu juu ya kitabu huwa ni ya mtu wa umri fulani, katika hali fulani ya maisha, na anayekisoma tena baada ya miaka kumi mara nyingi hukuta kwamba kitabu ni kile kile ila msomaji amebadilika. Bila tarehe hawezi kulijua hilo. Atadhani kwamba maoni aliyonayo leo ndiyo aliyokuwa nayo siku zote, kwa kuwa akili ina tabia ya kuyafunika maoni ya zamani kwa mapya bila kutoa taarifa. Ndiyo maana nashauri kwamba mtu asifute maandishi yake ya zamani hata yakimtia aibu. Aongeze mapya chini yake, kwa tarehe yake.

Kuhusu namna ya kuandika, ninapendekeza jambo moja tu la kiufundi: kitabu kifungwe kwanza. Wengi huandika huku wakinakili maneno kutoka kurasa wanazoziona, na matokeo yake ni muhtasari unaofanana na maelezo ya mchapishaji yaliyo nyuma ya jalada. Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha majaribio waliyowafanyia wanafunzi waliosoma vifungu vifupi vya maandishi. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikumbuka zaidi. Lakini baada ya wiki moja, waliokuwa wamejaribu kuandika walichokikumbuka bila kutazama maandishi ndio waliokuwa mbele. Kuandika bila kutazama kunaonyesha pia ni nini hasa kilichobaki, na mara nyingi kilichobaki si kile ambacho mwandishi alikikusudia kiwe kikubwa. Nukuu halisi na namba za kurasa zinaweza kuongezwa baadaye, kwa kitabu kilichofunguliwa.

Kuna jambo jingine ambalo madaftari mengi hulikosa, nalo ni vitabu vilivyoachwa njiani. Charles Darwin, mwanasayansi wa Uingereza, aliweka madaftari ya usomaji wake kuanzia mwaka 1838 hadi 1860, akitenga orodha ya vitabu vya kusomwa na orodha ya vilivyosomwa, na pale alipokipitia kitabu kwa juu juu hakuona haya kuandika hivyo. Yeye huyo alieleza katika tawasifu yake kwamba kila alipokutana na ukweli au wazo lililopingana na mahitimisho yake aliliandika papo hapo, kwa kuwa alikwisha kugundua kwamba mambo ya namna hiyo humtoka mtu akilini upesi kuliko yale yanayomuunga mkono. Nadhani kanuni hii inafaa kuchukuliwa na kila anayesoma vitabu vya hoja, viwe vya historia, dini, siasa au uchumi: kabla ya kuandika kile ulichokubaliana nacho, andika kile kilichokukwaza. Na kitabu ulichokiacha katika sura ya tatu kiandikwe pia, pamoja na sababu, kwa maana sababu ya kuacha husema mengi kuhusu kitabu, na pengine zaidi kuhusu msomaji.

Wapo watakaosema kwamba haya yote yanaigeuza burudani kuwa kazi ya shule. Pingamizi hilo lina uzito. Riwaya ya upelelezi iliyosomwa ili kumsindikiza mtu usingizini haidai zaidi ya mistari miwili, na anayeona kwamba daftari linamwondolea hamu ya kusoma aliache daftari, asiache vitabu.

Sasa niingie katika kushirikishana maoni, ambako ndiko ninakoona upungufu mkubwa zaidi. Mtu anayeandika huku akijua kwamba maandishi yatasomwa na wengi huanza kuandika kwa ajili ya kupendwa: husifu kile kinachosifiwa, au hukiponda ili aonekane jasiri. Kwa hiyo daftari na maoni ya hadharani viwe vitu viwili, na daftari litangulie. Msomaji aandike hukumu yake akiwa peke yake, kabla hajasoma uhakiki wa wengine na kabla hajajua kitabu kimepata tuzo gani. Baada ya hapo achague nini cha kuwapelekea wenzake. Akishasikia maoni ya watu kumi hataweza tena kujua yake yalikuwa yapi.

Katika karne ya 9, Photius wa Konstantinopoli (Istanbul ya leo), aliyekuja kuwa patriaki, yaani kiongozi mkuu wa kanisa, wa mji huo, alimwandikia ndugu yake Tarasius maelezo ya vitabu karibu 280 alivyokuwa amevisoma wakati ndugu huyo hayupo. Vingine alivifupisha kwa kurasa nyingi, vingine kwa mistari michache, na mara kwa mara alitoa hukumu juu ya mtindo wa mwandishi. Baadhi ya vitabu hivyo vimepotea, na tunachokijua kuvihusu leo kinatokana kwa sehemu kubwa na maandishi yake. Kinachonivutia zaidi ni kwamba alikuwa na mtu mmoja machoni pake. Anayemwandikia mtu anayemfahamu hawezi kuridhika na kusema kwamba kitabu ni kizuri. Atasema ni kizuri kwa nani, na kwa nini.

Nyota haziwezi kufanya kazi hiyo. Riwaya inaweza kupewa nyota tatu na msomaji aliyechoshwa na nusu ya kwanza na kuguswa sana na nusu ya pili, na ikapewa hizo hizo na mwingine aliyeiona ya kawaida tangu mwanzo hadi mwisho. Kwenye hesabu watu hawa wawili wamekubaliana, ilhali hawakubaliani hata kidogo. Sentensi nayo inaweza kuwa tupu vilevile. Anayesema kwamba kitabu kinachosha hajatuambia kitu. Anayesema kwamba mhusika mkuu anabadilika ghafla katika sura za mwisho, bila chochote kilichotangulia kulieleza badiliko hilo, ametupa dai linaloweza kujibiwa na mtu atakayeonyesha ukurasa uliomponyoka.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba gazeti litenge nafasi ndogo ya maoni ya wasomaji kuhusu vitabu, tofauti na uhakiki wa wataalamu, ambao una mahali pake. Maoni yasizidi maneno 250. Mwandikaji aseme kama alikimaliza kitabu au alikiacha, na kama alikinunua, alikiazima au alipewa na mwandishi au mchapishaji, maana shukrani ya zawadi hujipenyeza katika sifa hata kwa mtu mwaminifu. Asifichue mwisho wa hadithi ambayo wengine hawajaisoma. Asimseme mwandishi kwa mambo yasiyomo ndani ya kitabu. Vitabu vya zamani vikubaliwe sawa na vipya, kwa sababu msomaji hana wajibu wa kufuata ratiba ya wachapishaji. Mwandishi wa kitabu naye apewe nafasi ya kujibu pale ambapo msomaji amekosea ukweli wa kilichoandikwa, lakini asipewe nafasi hiyo kwa sababu tu hukumu haikumpendeza.

Wako,
Msomaji wa gazeti hili