Mashabiki wa Mwanza, ugenini tunatia aibu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na mashabiki wenzangu wa Mwanza tunaosafiri kwenda kutazama mpira uwanja wa Kaitaba, Bukoba.

Basi likishavuka ziwa pale Busisi tu, chupa tupu na maganda ya miwa yanaanza kurushwa dirishani. Vuvuzela zinapulizwa masikioni mwa abiria wengine, hata wenye watoto wachanga, waliolipa nauli kama sisi. Uwanjani ndiyo usiseme: watu wazima wanakojoa ukutani, hatua chache kutoka kwa mama anayeuza senene. Safari iliyopita kijana mmoja alichota senene wake kiganja kizima, akatafuna, akaondoka bila kulipa huku akimtukania timu yake. Wenzake wakaangua kicheko. Mama wa watu akabaki kufunika beseni lake.

Utani wa jadi ni raha ya mpira, nami natania sana tu. Lakini huo ni wizi.

Viongozi wa matawi mnaokusanya nauli, hawa watu mnawajua kwa majina. Safari ijayo wasipewe siti. Na makondakta, jamani wekeni mfuko wa taka ndani ya gari!

Shabiki mkereketwa,
Kirumba, Mwanza