Jicho la mtoto nalo huachiwa upindo

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini mwako. Mimi ni fundi wa cherehani hapa Majengo, Mombasa, na Januari si mwezi wangu wa kuandika barua. Kibanda kimejaa sare za shule, pa kuweka mguu hapana. Kila mzazi anayeingia ana neno lile lile: "Fundi, mwachie upindo mkubwa, akue nayo." Namwachia. Rinda la msichana wa miaka saba nalikunjia ndani inchi tatu nzima, nikalishika kwa mishono ya mkono mirefu mirefu, ili mwakani mama yake alifumue kwa wembe dakika tano.

Kilichoniinua kwenye cherehani ni picha mliyoitoa majuzi. Watoto wanne wameketi kwenye benchi, kila mmoja ana bandeji jichoni, na chini yake imeandikwa kwamba wameondolewa mtoto wa jicho na sasa wataona maisha yao yote. Nimewafurahia watoto wale, wallahi. Lakini hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyonikaa kooni. Binti yangu Zuhura aliketi kwenye benchi kama lile, nimempakata, akiwa na miezi minane. Leo ana miaka tisa, na vioo vya miwani tumembadilishia mara 11.

Lugha yetu ina mzaha wake. Ugonjwa huu, yaani ukungu kwenye lenzi iliyo ndani ya jicho, unaitwa mtoto wa jicho, na kila mtu anaamini ni wa wazee. Zuhura alizaliwa nao, macho yote mawili, wala hatukuuona. Mnajua mambo yetu ya arubaini: mzazi hatoki, chumba kina pazia, mtoto amepakwa wanja mpaka nyusi zimekutana, na wageni wanaokuja wanagombania pua kaichukua kwa nani. Nani atatazama mboni? Wiki ya sita alipelekwa chanjo. Akapimwa uzani, akadungwa, akalia, tukarudi. Hakuna aliyemmulika machoni, wala sisi hatukuuliza.

Alikuwa na miezi minne mavyaa wangu alipompakata barazani jua la magharibi likimwangaza uso, akasema, "Mbona mboni za mtoto zina maziwa?" Hapo tukaanza safari ya ubani na kombe, maana kila aliyemwona alisema ni jicho la hasidi. Simlaumu mtu. Ubani nilikwenda kuununua mimi mwenyewe, kwa pesa zangu. Tulipoteza miezi mitatu na zaidi.

Daktari aliyempasua alitueleza bila kutukaripia, na ingekuwa afadhali angetukaripia. Alisema ukungu mzito wa kuzaliwa nao hutakiwa uondolewe katika wiki za mwanzo, ya sita hadi ya nane hivi, kwa sababu ni katika miezi hiyo ubongo unajifunza kuona. Jicho likiuletea ukungu tu, ubongo haujifunzi, na baadaye hata ukungu ukitolewa mwanafunzi keshachelewa darasani. Nikahesabu kwa vidole. Wiki sita ni arubaini na siku mbili. Yaani siku mama anayotolewa nje na mtoto wake, kabla ya kwenda kumwonyesha shangazi, pengine pa kwanza pa kupitia pangekuwa kwa daktari wa macho. Macho ya Zuhura hadi leo hucheza kidogo, yanatetemeka kama mwali wa koroboi, hasa akichoka. Hiyo ndiyo bei ya ubani wangu.

Basi daktari yule akaniuliza kazi yangu. Nilipomwambia akasema, "Afadhali, wewe utanielewa upesi." Akachukua karatasi akachora duara.

Jicho la mtoto mchanga, kutoka kioo chake cha mbele hadi ukuta wa nyuma, lina kiasi cha milimita 17. La mtu mzima ni kama 23 na kitu. Mimi hesabu zangu ni za inchi, nikazigeuza papo hapo: mtoto anazaliwa na jicho la theluthi mbili za inchi, na atazikwa na jicho lisilofika inchi moja. Nikamwambia mbona tofauti yenyewe ni nusu ya kifungo cha shati. Akasema kwa shati ni ndogo. Ndani ya jicho, milimita moja ikizidi, namba ya miwani inahama mbili na nusu hadi tatu. Na sehemu kubwa ya urefu huo huongezeka katika miaka miwili ya kwanza, kabla mtoto hajajua hata kufunga hicho kifungo.

Mtoto mwenye macho mazima hadhuriki, kwa sababu jicho lake linajishonea lenyewe. Likirefuka, kioo cha mbele kinalala kidogo, na lenzi ya ndani inapunguza nguvu, hivi vyote vikienda pamoja hata picha ikaendelea kutua pale pale ukutani. Mtoto aliyepasuliwa mtoto wa jicho hutolewa lenzi yenyewe yenye ukungu, basi hana fundi huyo ndani. Na akitiwa lenzi ya plastiki, plastiki haijui kwamba mwenyewe anakua. Inabaki ilivyo, ukuta unarudi nyuma, picha inatua mbele ya ukuta, na mtoto anaona vivuli. (Plastiki hizo zina kisa. Daktari mmoja wa London, Harold Ridley, aliona vipande vya plastiki vya madirisha ya ndege za vita vikikaa ndani ya macho ya marubani bila kuyaudhi, na mwaka 1949 akamtia mgonjwa lenzi ya plastiki, ya kwanza duniani. Tangu nilipoambiwa, ndege ikishuka kuelekea uwanja wa Moi namtazama Zuhura nikacheka peke yangu.)

Kwa umri ule wa miezi minane waliona Zuhura hafai kutiwa lenzi, jicho linakwenda mbio mno. Wakampa miwani ya namba jumlisha 20, ifanye kazi ya lenzi iliyotolewa. Mhariri, hujaona kioo kizito kama kile. Watoto wa mtaani walimwita Chupa, na yeye akadhani ndilo jina lake, akiitwa anaitika. Miwani haikukaa kwenye pua ndogo ile, nikaitilia lastiki ya kaptura za michezo, nikaipitisha nyuma ya kichwa, nikashona na kifungo cha kukazia. Nimeshazishona lastiki za namna hiyo kwa watoto wengi wa kliniki ile, bure. Miwani ya pili kuipoteza ilizama baharini pale Mama Ngina, Zuhura akiinamia ukutani kutazama meli na mkononi ana kachiri. Alilia kwa ajili ya kachiri.

Alipofika mwaka na nusu, namba ilishuka ikawa 17. Miaka mitatu, 14. Jamaa wakatupongeza: macho yanapona! Nami nilikuwa nikiitikia alhamdulillahi, mpaka daktari akanirudisha kwenye lile duara lake. Halikuwa suala la kupona. Jicho lilikuwa likirefuka, basi halihitaji tena kioo kizito vile. Angebaki na miwani ile ya 20 angekuwa anaona vibaya kwa miwani yenyewe.

Hapa ndipo nataka wazazi wenzangu wanisikilize. Kuna mama mmoja mteja wangu, anatoka Kisauni, mwanawe alipasuliwa akiwa na miaka miwili katika kambi moja ya matibabu ya bure. Kambi ikafungwa, madaktari wakaenda zao, yeye akabaki na miwani na picha za simu. Alipokuja kwangu kupimiwa sare mtoto alikuwa na miaka saba na miwani ni ile ile, imefungwa gundi masikioni. Alikuwa akitembea paji la uso mbele, kama anayesukuma mlango. Nyumbani walikuwa wakisema upasuaji haukumkubali. Nilimtuma kwa daktari kabla sijamaliza kumpima kiuno. Macho yake hayakuwa na kosa kubwa. Amevalishwa tu miwani ya mtoto mwingine, yule aliyekuwa yeye mwenyewe miaka mitano nyuma.

Zuhura alitiwa lenzi alipotimiza miaka mitano. Baada ya wiki chache akapimwa, akaandikiwa miwani ya jumlisha 2. Nilikasirika. Nilikuwa nimeuza cherehani moja kwa ajili ya shughuli ile, nikitumaini miwani inatupwa. Nikamwuliza daktari, inakuwaje mnamtia mtoto lenzi isiyomtosha? Akanitazama, akasema, "Baba Zuhura, wewe ukimshonea mtoto sare inayombana Januari, mwezi wa sita atavaa nini?"

Sikuwa na jibu, na sijalipata mpaka leo. Walimwachia upindo. Lenzi imepimwa kwa jicho atakalokuwa nalo ukubwani, na huku akilingoja, miwani inaziba pengo. Kila mwaka upindo unafumuliwa kidogo: jumlisha 2, miaka saba ikawa jumlisha 1, mwaka jana ikavuka sifuri, ikawa toa nusu, namba ya mtu asiyeona mbali vizuri. Tulipoona alama ya kutoa mke wangu alishika kichwa. Duka moja la miwani mjini, silitaji, lilituambia upasuaji umeharibika na lenzi itolewe. Usiku ule hatukulala. Asubuhi daktari alipima, akasema jicho limekua zaidi ya makisio yake kwa kiasi kidogo sana, basi. Hata mimi fundi wa miaka 22 kuna mtoto humwachia inchi tatu naye akarefuka nne. Sare haijaharibika.

Jambo jingine linalowatatiza walimu: lenzi ya plastiki haijivuti. Lenzi yetu ya kuzaliwa nayo inajikunja kwa kitabu na kujinyoosha kwa ubao; ya Zuhura imekazwa mahali pamoja. Ndiyo maana miwani yake ina mstari katikati, juu ya mbali, chini ya kusomea. Mwalimu mmoja alimvua mbele ya darasa akisema mtoto havai miwani ya bibi yake. Na jicho la kushoto, lililokuwa vivu zaidi, lilifanyishwa kazi kwa kulifunika la kulia saa mbili kila siku, miaka mitatu. Viraka nilivishona mwenyewe kwa vipande vya leso, akawa anachagua rangi. Siku alizovirudisha mfukoni kwa sababu darasani wamemcheka ni nyingi kuliko tulizojua, ameniambia juzi tu.

Na hata namba isipobadilika, kurudi ni lazima. Kile kifuko chembamba kinachoshika lenzi hupenda kufanya ukungu tena, na kwa mtoto hufanya upesi kuliko kwa mzee. Ndiyo sababu mara nyingi hukitoboa nyuma siku ile ile ya upasuaji. Tena kuna presha ya jicho, ambayo kwa watoto waliopasuliwa inaweza kuja baada ya miaka mingi, mtoto anacheza, hana maumivu, na mshipa wa kupeleka picha kwenye ubongo unakufa polepole. Hiyo huigundui nyumbani kwa kumtazama.

Sasa nawageukia ninyi wa gazeti na wakubwa wa kaunti. Kila kambi ikifanyika tunasomewa idadi ya waliopasuliwa. Sijawahi kusomewa idadi ya waliorudi. Mwandishi wako akienda tena kupiga picha ya benchi, amwulize msimamizi maswali mawili ya kifundi: watoto hawa wanapimwa tena lini, na vioo vyao vya mwaka ujao vinalipwa na nani? Kwa maana fremu naweza kuitia lastiki, kioo siwezi. Wazazi wengi hawarudi kwa sababu nauli ya kutoka Lunga Lunga au Kilifi kuja mjini, chakula cha njiani, siku ya kibarua iliyopotea na bei ya vioo, vikijumlishwa, vinakula kodi ya nyumba. Wengine hawarudi kwa kuwa hakuna aliyewaambia. Hawa wa pili kuwarudisha ni rahisi: tarehe iandikwe kwenye kijitabu cha kliniki kama inavyoandikwa ya chanjo, na simu moja ipigwe. Na muuguzi wa wiki ya sita, tochi ya simu anayo mfukoni.

Kuhusu wale wanne wa pichani, kama mnawajua wazazi wao, waambieni lastiki ziko kwangu, Majengo, wala sitozi.

Zuhura ana miadi mwezi wa nne, shule zikifungwa. Jana nilimpima sare mpya. Amerefuka inchi mbili na robo tangu Januari iliyopita, na rinda lake la zamani halina upindo tena wa kufumua, limebaki alama ya mkunjo tu. Hili jipya nimelikunjia inchi nne.

Fundi Bakari,
Majengo, Mombasa