Mwacheni mzee na bia yake ya moto

Ndugu Mhariri,

Safu ya burudani katika toleo lenu la Jumamosi iliyopita iliwacheka wazee wa mikoani wanaoagiza bia ya moto, yaani isiyotoka kwenye friji. Mwandishi wenu anasema hao wamebaki na mazoea ya kabla ya umeme, na kwamba mstaarabu hunywa bia iliyokaribia kuganda. Mimi ni mama mwenye grosari hapa Moshi. Bia naziuza, na nikishafunga hesabu za siku nazinywa pia. Naomba nafasi nimjibu.

Angetuambia kwanza ni bia ipi anayoizungumzia. Kilimanjaro, Safari, Serengeti na Tusker, ambazo wateja wangu hubishania hadi meza zinatikisika, zote ni laga, ukoo mmoja. Hamira ya laga hufanya kazi polepole kwenye ubaridi, kisha bia hulazwa kwenye ubaridi huohuo ili itulie. Inatoka safi, nyepesi, haina harufu nyingi. Bia ya namna hiyo ukiinywa ya baridi hupotezi kitu kikubwa, na hapo namuunga mkono mwandishi: Safari ya moto saa nane mchana, mwezi wa Februari, hata mimi siiwezi.

Na stauti, ile bia nyeusi, je? Weusi wa Guinness unatokana na shayiri iliyokaangwa mpaka ikawa nyeusi, namna buni inavyokaangwa. Ndiyo maana ndani yake mna ladha ya kahawa kavu, na nyuma yake uchungu wa chokoleti isiyo na sukari. Sasa mimi nimezaliwa kwenye mlima wa kahawa na sijamwona Mchaga akitia barafu kwenye kikombe chake. Chukua stauti hiyo uilaze chini kabisa ya friji, pale chupa zinaposhika barafu, halafu uinywe papo hapo. Ulimi unakufa ganzi, harufu haipandi, unabaki na gesi na uchungu. Hata Dublin kwenyewe Guinness ya bomba hutolewa ikiwa na nyuzi kama 6, yaani imepoa tu. Vijana wanaobisha huwa nawawekea glasi mbili za chupa zilezile, moja imetoka kwenye friji, nyingine kwenye kreti chini ya kaunta. Wanamaliza ya kreti kwanza, ingawa si wote wanaokiri.

Naongeza jambo ambalo huenda mwandishi hakulifikiria akiwa Dar es Salaam. Julai hapa Moshi, kreti lililolala kwenye sakafu ya saruji asubuhi lina ubaridi wake. Bia ya moto ya kwetu si bia ya moto ya Kariakoo. Mzee wangu wa kila jioni akiagiza ya moto, anapata kinywaji kilichopoa kiasi, ambacho Mwingereza angekitambua mara moja, maana kwao bia za mapipa za eli, ukoo ambao stauti nayo imo, hukaa kwenye vyumba vya chini ya baa, nyuzi 12 hivi, na hakuna anayewaambia hawajastaarabika.

Kuna wanaoichukua stauti kwa sababu nyingine kabisa. Wengi wanaamini kila bia nyeusi ni kali. Guinness ya bomba inayonywewa Ireland ina kilevi asilimia 4.2, wakati Safari tunayoiona nyepesi ina 5.5. Ile ya chupa ya kusafirishwa nje ndiyo iliyotengenezwa kali. Wengine hutumwa na nyumbani kuinunua kwa ajili ya mama aliyejifungua, eti inaongeza damu. Imani hiyo ilipaliliwa na matangazo ya Uingereza tangu mwaka 1929, na madini ya chuma yaliyomo kwenye chupa ni kidogo mno. Anayekuja kwangu na ombi hilo namrudisha akapike mtori, supu yetu ya ndizi na nyama.

Binti yangu anafanya kazi Nairobi. Aliwahi kunipeleka kwenye baa moja Barabara ya Ngong wanakopika bia zao wenyewe, hizi zinazoitwa za krafti, na tukaletewa ubao wenye glasi ndogondogo ili tulinganishe. Ilikuwepo ya ngano, yenye ukungu, ina harufu ya ndizi mbivu, nikaipenda. Ilikuwepo eli ya hopsi nyingi, yale maua yanayoitia bia uchungu na harufu, ile waliyokuwa wakiisafirisha kutoka Uingereza kwenda India, inanukia maganda ya chungwa kabla hata hujaifikisha mdomoni. Hiyo ilinishinda, uchungu wake ulinifuata hadi kwenye gari. Stauti yao niliiacha ya mwisho. Nilipoanza kuinywa ilikuwa kimya. Baada ya maongezi marefu na binti yangu, ikiwa imeshapoteza ubaridi, ndipo kahawa yake ilipojitokeza. Bei sitaitaja, nisije nikafukuza wateja wangu mwenyewe kwa kulinganisha.

Hamira ya eli hupenda joto, na ni joto hilo linaloipa zile harufu za matunda. Mbege, pombe yetu Wachaga, nayo huchachuka kwenye joto la kawaida, kwa ndizi mbivu zilizochemshwa na kimea cha ulezi, na uchungu wake unatoka kwenye magome ya msesewe, ambayo kwetu hufanya kazi ya hopsi. Kaa na wazee kilabuni uwasikilize: ulezi huu haukuchipua vizuri, msesewe umezidi, hii imelala siku moja zaidi. Hakuna anayedai friji. Watu hao hao, pensheni ikitoka, huja kwangu na kuagiza stauti ya moto. Wamekuja na ulimi wao uliofundishwa kwenye mbege, wala umeme haukuwapita. Grosari yangu ina friji mbili na wanaziona.

Iko bia ya moto ninayoikataa. Ni ile ya kreti zilizoshushwa asubuhi na kuachwa nje juani hadi jioni kwa sababu kijana wa kupakua hajalipwa. Mwanga wa jua ukiifikia hopsi iliyomo ndani, bia inatoa harufu mbaya, kama ya kicheche, na chupa ya kijani huathirika upesi kuliko ya kahawia. Kuirudisha kwenye friji hakusaidii kitu. Bia hiyo huuzwa usiku ikiwa ya baridi kweli kweli, na wale wastaarabu wa mjini wa mwandishi wenu huinywa bila kunung'unika, kwa kuwa ubaridi umewaziba pua. Akitaka kuandika tena kuhusu bia, apite nyuma ya mabaa mchana aone kreti zinapokaa.

Mwenye grosari,
Moshi