Shabani, amplifaya yako bado iko kwangu

Tanga, Jumapili usiku

Shabani ndugu yangu,

Hatujambo wote, ila panya wameutafuna waya wa amplifaya yako. Mama Zuhura ameshaigeuza meza ya kuwekea chupa ya chai, na mimi huyo mama simuwezi.

Kibwe kaniambia bendi wamekutoa. Miezi minne kimya, kumbe ni hilo! Eti walikuambia asubuhi, hujanawa hata uso, na nauli ukajilipia mwenyewe. Unisamehe, nilicheka. Nilimkumbuka Mustaine, yule mpiga gitaa wa Megadeth.

Ile kanda ya Megadeth aliyoleta kaka yako baharia, si tuliisikiliza mpaka ikaanza kuburuta, tukawa tunaizungusha kwa kalamu ya biki? Wewe ikakutia wazimu wa gitaa, mimi nikaishia kubeba spika. Lakini hatukujua bendi ile ilizaliwa kwenye basi. Aprili 1983 bendi ya Metallica walitoka California kwenda New York kurekodi albamu yao ya kwanza. Solo alikuwa akipiga Mustaine, ila pombe ilimzidi na ngumi hazikuwa mbali. Asubuhi moja wakamwamsha: hatukutaki tena. Akauliza ndege yake ni saa ngapi. Ndege ya wapi! Tiketi ya basi la Greyhound hadi Los Angeles, nchi nzima ya Marekani kuikata kwa siku kama nne. Na sisi Tanga hadi Dar tu tunalia mgongo.

Humo njiani, hana hela ya kula, akaokota kijikaratasi cha seneta Alan Cranston kuhusu silaha za nyuklia. Ndani yake mlikuwa na neno la Kiingereza, megadeath, yaani vifo milioni kwa mkupuo. Akakigeuza, akaanza kuandika mashairi nyuma yake. Neno lile akaja kulipunguza herufi moja, likawa jina la bendi yake mpya, Megadeth.

Huku nyuma Kirk Hammett wa bendi ya Exodus alishakalia kiti chake. Albamu yenyewe, Kill 'Em All, ikatoka Julai, na nyimbo nne humo zina jina la Mustaine kwenye utunzi. Hapo hata mimi ningeuma meza.

Lakini kinachonikera ni haya ya baadaye. Huyu mtu kauza mamilioni ya albamu, si mnyonge. Sasa itazame ile filamu ya Metallica ya 2004: amekaa na Lars Ulrich, mpiga ngoma wa Metallica, walirekodiwa 2001, miaka 18 imepita, bado anamwambia anatamani siku ile wangemwamsha wakamtaka akatibiwe ulevi. Miaka 18, Shabani! Mwaka 2010 wakapanda jukwaa moja kule Sofia, wakapiga wimbo pamoja, ukadhani yameisha. Mwaka 2017 Megadeth wakapata tuzo yao ya kwanza ya Grammy; anapanda kuichukua, bendi ya ukumbini ikampigia Master of Puppets. Ya Metallica! Nilicheka mpaka Mama Zuhura akagonga ukuta.

Ndiyo maana nakuandikia. Kibwe hunionyesha status zako. Kila usiku unamtukana yule mpiga ngoma wa bendi yenu, mpaka na mkewe, ambaye hakukukosea lolote, tena alikuwa akikupakulia wali. Wamekudhulumu, sikatai. Ila na wewe ile Idi, ulivyopanda jukwaani unayumba... basi, tuyaache.

Hebu nijibu. Zile nyimbo mbili ulizowatungia, jina lako limeandikwa mahali? Ulisaini chochote? Unalala wapi sasa? Gitaa unalo au umeliweka rehani? Mama yako anajua, au bado anawaambia watu uko ziarani? Na unakunywa, au umepunguza?

Waya nitaubadilisha Jumamosi. Niambie tu fyuzi ni ya ampea ngapi, maandishi yamefutika. Chumba cha uani kiko wazi tangu mpangaji ahame.

Wako,
Mbwana